Kompyuta za Shule: Mfumo Upi ni Rahisi kwa Mwalimu wa Kijijini?



Haya ni maoni yangu juu ya kompyuta zinazoletwa katika shule zetu za vijijini huku Karagwe na Kyerwa.

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Mashine hazikuzimika siku ile, lakini kinga yake inazidi kupungua. Windows 11 nayo inazikataa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, na kuukuu za namna hiyo ndizo shule hupewa kama msaada. Je, tuzitupe?

Wapo wanaosema tuhamie Linux, mfumo usiolipiwa ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Wengine wanajibu kwamba ni mgumu, walimu hawatauweza. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinapima urahisi kwa kutazama kioo cha kompyuta tu. Sisi wa vijijini tunayo mizani mingine.

Kwanza ni jirani wa kumwuliza. Mwalimu akikwama na Windows, humwendea kijana wa steshenari pale Kayanga au Omurushaka akapata jibu papo hapo. Akikwama na Linux huenda asimpate wa kumsaidia. Urahisi wa namna hii haumo ndani ya mashine, umo katika mazoea ya watu. Microsoft wenyewe waliyaona hayo. Mwaka 2012 walitoa Windows 8 bila kitufe cha Start kilichozoeleka tangu 1995; malalamiko yakazidi, wakakirudisha mwaka 2013. Lakini mtoto wa darasa la tatu ambaye hajawahi kugusa kompyuta hana mazoea ya kupoteza. Kwake mifumo yote ni mipya.

Pili ni virusi. Huku mitihani husafiri kwa flashi kutoka shuleni hadi steshenari na kurudi, na flashi hurudi na virusi vinavyoficha mafaili yote. Virusi hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Ndani ya Linux havifanyi kazi. Hapo Linux inashinda.

Tatu ni uchapaji. Mtihani ulioandikwa kwa LibreOffice ukifunguliwa kwa Word, majedwali huweza kuhama na maswali kuruka ukurasa. Dawa yake ni kuuhifadhi kama PDF kabla ya kuupeleka kuchapwa. Ni jambo la dakika moja, lakini lazima mwalimu aelekezwe.

Nne ni lugha. Shule za msingi za Serikali hufundisha kwa Kiswahili, ila kioo cha kompyuta kinasema Kiingereza. Jambo hili lilikwisha shughulikiwa zamani. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft nao walitangaza kuleta Kiswahili katika programu zao. Njia ilifyekwa miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Tumeiacha ikaota majani. Tofauti ni kwamba programu huria wataalamu wetu wanaweza kuitafsiri na kuirekebisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Shule yenye mashine mpya ibaki na Windows 11. Mashine kuukuu ziwekewe Linux nyepesi, kama vile Linux Mint. Halmashauri zetu mbili, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, zishirikiane kuwa na fundi anayezunguka mashuleni. Walimu wawili wa kila shule wafunzwe wakati wa likizo, na vijana wa steshenari waalikwe, maana wao ndio wanaotuokoa siku ya mitihani. Wizara nayo iwaombe wataalamu wa Kiswahili waikamilishe kazi iliyoanzwa Mlimani.

Na wafadhili wanapotuletea kompyuta, tuwashukuru, kisha tuwaulize swali moja: ikigoma, nani ataitengeneza? Mashine isiyo na jibu la swali hilo itaishia stoo, juu ya madawati yaliyovunjika, hata ingekuwa na mfumo mzuri namna gani.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nkwenda, Kyerwa,
Kagera.