Ziwa Ambalo Halikuwako

Mtu akisimama Kerugoya alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika Mlima Kenya, huona upande mmoja tu wa mlima huo. Maji ya upande huu, kama Thiba na Nyamindi, huteremkia mto Tana na mwisho huingia baharini. Ya kaskazini hayafiki baharini. Hukutana na yale ya Nyandarua katika Ewaso Ng'iro, hupita Archer's Post katika nchi ya Wasamburu, kisha hupotelea mchangani.

Zamani wasafiri waliambiwa kwamba mto huo huishia katika ziwa kubwa, Lorian. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler, pamoja na Ludwig von Höhnel, ofisa wa manowari wa Austria aliyekwisha kuchora ramani ya safari ya Teleki ya 1887-88, waliondoka pwani na msafara wa wapagazi. Waliufuata Tana, kisha wakaushika Ewaso Ng'iro kuelekea mashariki. Mwanzoni mwa 1893 walifika. Ziwa halikuwako, palikuwa na kinamasi na matete. Maporomoko waliyoyapita njiani yaliandikwa jina la Chanler. Majina ya wapagazi waliobeba mizigo hayakuandikwa popote katika ramani.

Hata hivyo, waliosema "ziwa" hawakuwa waongo kabisa. Mvua ikizidi, Lorian hufurika, na mafuriko makubwa huweza kuvuka hadi bonde la Lagh Dera upande wa Somalia. Ukame ukija, wafugaji huchimba visima. Basi mpima nchi achore nini?

Baada ya 1946, idara ya upimaji wa makoloni ilipoanzishwa Uingereza, kazi ilifanywa kwa picha zilizopigwa kutoka katika ndege. Kila picha hurudia zaidi ya nusu ya ardhi iliyomo katika picha ya jirani, na zikitazamwa mbili mbili kwa chombo maalumu, vilima na mabonde huinuka machoni. Upande wa Kerugoya, sentimeta 2 za karatasi ni kilometa 1 ya ardhi. Sehemu kubwa ya kaskazini ilipewa sentimeta 1 tu.

Lakini ndege haiulizi jina. Ramani za kale zina Guaso Nyiro, nyingine Uaso Nyiro, na uko Ewaso Ng'iro mwingine kusini, uingiao Ziwa Natron. Karani asiyeandika "Kaskazini" huweza kumpeleka mtu kwenye mto usio wake. Mto usiotiririka mwaka mzima huchorwa kwa mstari wa vipande vipande, na mfugaji mwenye ng'ombe wenye kiu huuliza kwanza ni mwezi gani.