Miwaridi Mifupi kwa Ua Mdogo

Msafiri anayevuka kutoka Goma na kuingia Gisenyi kwa njia ya Grande Barrière, kituo kile kilicho karibu kabisa na Ziwa Kivu, hulakiwa na bustani. Upande wa Rwanda barabara inafuata ukingo wa ziwa, na kando yake zimo hoteli na nyumba za zamani zenye nyua pana, nyasi zilizokatwa vizuri na vitalu vya maua ya kila rangi.

Bustani hizo ni za wenye nafasi. Msafiri huyo akiingia ndani zaidi ya mji, kuelekea kule Petite Barrière ambako watu wengi huvuka kwa miguu na mizigo yao kichwani, ataona nyumba zimekaribiana. Ua wa nyumba ni hatua nne kwa tano, na ndani yake mna kamba ya nguo, jiko la makaa na pipa la maji. Mama wa nyumba hiyo naye anapenda mawaridi. Swali ni atayapanda wapi. Na je, mwenye nyumba akiitaka nyumba yake, mwaridi uliokwisha kustawi utabaki wa nani?

Swali hilo si la mzaha katika mji wa mpakani. Mwezi Machi 2020 mpaka ulipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wengi walioishi kwa biashara ya kuvuka walipoteza riziki, na asiye na riziki halipi kodi. Tarehe 22 Mei 2021 Mlima Nyiragongo ulilipuka, na kwa siku kadhaa baadaye ardhi ilitetemeka hata kuta za nyumba zikapasuka mjini Gisenyi. Mwaridi uliopandwa ardhini haumfuati mtu anapohama. Uliopandwa katika debe humfuata, iwe kichwani, iwe juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya watu wa Goma.

Lakini si kila mwaridi unakubali kuishi ndani ya debe, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Yale mawaridi ya shina refu yanayouzwa kwa mafungu, kama yanayokuzwa kwa ajili ya nchi za nje katika shamba la Bella Flowers wilayani Rwamagana, huvutia macho. Mtu akipata fungu, hukata kijiti kimoja akakichomeka ardhini. Mara nyingine kijiti huota. Kisha mti hurefuka mpaka kulipita dirisha, hutoa maua mawili matatu, na mwisho huangushwa na upepo wa ziwani. Mti huo hauna kosa. Ulizalishwa utoe shina moja refu lenye ua moja kubwa, tena chini ya paa la plastiki na mikononi mwa mafundi.

Unaofaa kwa debe ni mwaridi mfupi unaorudia kuchanua. Ile midogo kabisa haizidi sentimita 45 kwa kimo, na ua lake lina upana wa sentimita 3 hadi 5. Mingine, yenye maua ya vishada, hufika magotini au mapajani mwa mtu mzima. Majani yake ni madogo, matawi yake ni mengi tangu chini, na mti wote umejikusanya kama kichaka.

Namna ya kuutambua kitaluni si ngumu. Mnunuzi asiliangalie ua lililokwisha kufunguka, kwa kuwa hilo halimwambii kitu. Aangalie matawi machanga. Ikiwa kila tawi jipya lina tumba nchani, hata liwe dogo kama punje ya mtama, mti huo hurudia kuchanua. Ikiwa matawi machanga ni marefu na nchani mna majani matupu, basi huenda mti huo ni wa kuchanua mara moja kwa mwaka.

Waridi la mara moja kwa mwaka linafahamika sana kwa Waswahili, ingawa wengi hawajauona mti wake. Marashi yanayonyunyizwa kwa mrashi katika maulidi na harusi za pwani hutokana na waridi la namna hiyo. Huko Oman, katika vijiji vya Jabal Akhdar, miwaridi ya marashi huchanua kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzo wa Mei, wanavijiji wakachuma na kuchemsha usiku na mchana, kisha basi mpaka mwaka mwingine. Tabia ya kurudia kuchanua ilitoka Uchina. Miwaridi ya huko ilifika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, ikazalishwa pamoja na mingine, na mwaka 1875 fundi Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa, akauza mwaridi mfupi wa vishada alioupa jina la Pâquerette. Mwaka 2012 wataalamu walieleza siri yenyewe: katika miwaridi hii, ile chembe ya urithi inayouzuia mti usichanue imeharibika, ndiyo maana kila tawi jipya huishia kwenye ua.

Wenye madebe wana haki ya kujivunia pia habari ya Uswisi. Karibu mwaka 1917 mwanajeshi aitwaye Roulet aliona katika kijiji cha milimani miwaridi midogo sana ikikuzwa katika vyungu madirishani. Mtaalamu wa mimea Henri Correvon wa Geneva akaieneza, na kutokana na uzao wake ilipatikana midogo mingi inayouzwa leo. Basi mwaridi wa chunguni haukuanza kama mwaridi wa shambani uliopunguziwa nafasi. Ulikutwa chunguni.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na kazi kubwa kuliko zote ni kukata.

Katika nchi za baridi, majira ndiyo yanayoupumzisha mwaridi. Majani hupukutika, mti hulala, na ukiamka huanza upya. Gisenyi iko karibu na Ikweta, katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Hakuna jalidi wala joto kali. Hali hiyo huupendeza mwaridi, lakini pia huuchosha, kwa kuwa hakuna wa kuuambia ulale. Mkasi ndio unaoshika nafasi ya majira. Ua linaponyauka na kuachwa mtini, mara nyingi hufanya kitunda cha duara chenye mbegu, na nguvu za mti huelekea huko. Likikatwa mapema, mti hutoa tawi jingine, na kwa kuwa ni wa kurudia, tawi hilo huleta ua baada ya majuma sita hadi manane.

Wako wanaoona huruma kuukata mti ungali na ua. Huruma hiyo ndiyo inayowanyima maua. Ua likianza kudondosha vijani vyake, kikonyo kikatwe juu kidogo ya jani la kwanza lililo kamili, lile lenye vijani vitano, na jicho lake liwe linatazama nje ya kichaka. Kama maua yako katika kishada, hukatwa lile lililonyauka tu, na kishada chote huondolewa cha mwisho kinapokwisha. Mkasi wa cherehani hufaa kwa miwaridi midogo, ilimradi uwe mkali na uwe umefutwa.

Mara moja kwa mwaka hukatwa kwa nguvu zaidi. Kwa Gisenyi wakati mzuri ni mwishoni mwa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Matawi yaliyokauka na yanayosuguana huondolewa, na mengine hupunguzwa kwa thuluthi moja au nusu. Kwa siku kadhaa mti huonekana kama umeharibiwa. Usihamishwe wala kufukuliwa. Mvua ikinyesha utachipua.

Jambo la pili ni maji, na hapa Gisenyi ina tatizo lake yenyewe. Ziwa liko hatua chache, nalo limejaa; ni nani asiyechota? Lakini maji ya Kivu yana magadi. Ardhini, mvua huyaosha. Ndani ya debe hubaki, na siku kwa siku huongezeka, hata mizizi isiweze kuchukua madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mtu akiona hivyo hudhani ni njaa, akaongeza samadi, na mti ukazidi kuumia. Dawa yake ni kumimina maji ya mvua kwa wingi mpaka yatiririke chini, na tangu hapo kuyaacha maji ya ziwa. Pipa chini ya paa latosha kwa madebe kumi, isipokuwa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, ambapo maji ya bomba hutumika. Ikiwa volkano imetupa majivu, mvua ya kwanza kutoka paani imwagwe, isitumike kwa maua wala kwa watu.

Maji humwagwa asubuhi, shinani, si juu ya majani. Kidole kikitiwa udongoni hadi kiungo cha pili na kukuta unyevu, siku hiyo mti uachwe.

Kuhusu udongo, neema iko chini ya miguu. Changarawe nyeusi ya volkano, ambayo huko Goma huwachosha wenye bustani kwa kuwa wengine wamejenga juu ya mwamba mtupu, ndiyo inayotakiwa ndani ya debe. Chukua sehemu mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza kabisa, na moja ya changarawe iliyochekechwa. Samadi mbichi huchoma mizizi. Kwa mwaridi mdogo chombo kiwe na kina cha sentimita 25 walau. Kwa ule wa vishada, 35 au 40. Kitobolewe matundu matano au sita chini na kuinuliwa juu ya mawe mawili, maana chombo kilichokaa juu ya saruji huziba. Bati hupata moto mchana. Basi debe lipakwe chokaa, au litangulize mbele yake kitu cha kulikinga na jua la alasiri, huku mti wenyewe ukipata jua la saa sita walau.

Maradhi si mengi kwa mti uliokaa penye hewa. Wakati wa masika huja madoa meusi yanayoyapukutisha majani. Yaliyoanguka yaokotwe na kuchomwa, yasiachwe yaoze ndani ya debe. Ubwiri unga huonekana kama unga mweupe juu ya majani machanga, hasa penye kona zisizo na upepo, nao hupungua chombo kikisogezwa. Vidukari hukamuliwa kwa vidole au kuoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Kiangazini, chini ya majani, hutokea utitiri mdogo usioonekana vyema kwa macho. Maji ya kurushia upande wa chini wa majani huufukuza.

Anayetaka kuongeza miti hana haja ya kununua. Tawi lililokwisha kuchanua, unene wa kalamu ya risasi au pungufu, hukatwa kwa urefu wa kidole cha mkono pamoja na macho matatu au manne. Majani ya chini huondolewa, mawili ya juu huachwa, na kipande huchomekwa nusu yake katika mchanga uliochanganywa na udongo kidogo. Hufunikwa kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kikawekwa kivulini. Septemba na Oktoba ni miezi mizuri. Baada ya majuma manne hadi sita kikivutwa polepole na kugoma, kimeshika mizizi; chupa huondolewa kwanza mchana tu, kisha kabisa. Tumba la kwanza likitokea likatwe kabla halijafunguka, na la pili vivyo hivyo. La tatu liachwe.