Mapenzi kwa jina la kamera yasimpoteze mpiga picha

HARUSI haina marudio. Bwana na bibi harusi wakishavishana pete kanisani Yakobi, mkoani Njombe, mpiga picha aliyekosa tukio hilo hawezi kuwaomba wavuane ili aanze upya.

Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kununua kamera kwa kijana anayetaka kuishi kwa kazi hiyo Yakobi, Njombe mjini au Makambako si jambo dogo. Akiuza viazi au mbao ili apate mtaji, kisha akanunua kifaa kisichofaa, atalazimika kusubiri msimu mwingine.

Hata hivyo, wapo wanaoingia dukani wakiwa wamekwishaamua kwa jina tu. Aliyefundishwa kwa Canon hataki kusikia habari za Nikon, na wa Nikon vivyo hivyo. Wengine huota Leica ya Ujerumani, kwa sifa walizozisikia.

Kabla ya jina, jambo la kutazama ni namna kamera inavyomwezesha mtu kuona anachokipiga.

Kamera ya SLR ina kioo kilicholala mshazari nyuma ya lenzi. Kioo hicho hupeleka taswira juu hadi kwenye dirisha la kutazamia, hivyo mpiga picha huona kile kile kinachoonwa na lenzi. Anapobonyeza kitufe, kioo huinuka ili mwanga upite, ndipo husikika mlio unaofahamika na wengi.

Renjifainda, yaani kamera yenye kipima umbali, haina kioo hicho. Mpiga picha hutazama kupitia dirisha lililo pembeni mwa lenzi, na katikati yake huona taswira mbili za kitu kimoja. Huzungusha lenzi kwa mkono hadi taswira hizo ziungane. Hapo ndipo picha hutoka kali.

Kila moja ina faida yake. Renjifainda ni ndogo, haina kelele nyingi, na mtumiaji huona hata yaliyo nje ya fremu, hivyo hujua nani anakaribia kuingia katika picha. Inafaa kwa picha za mtaani, sokoni au stendi.

Lakini anayesimama nyuma ya kanisa akitaka kuvuta sura ya bibi harusi aliye madhabahuni, atapata taabu. Lenzi ndefu zaidi ambayo dirisha la Leica M limewekewa mipaka ya fremu ni milimita 135, na lenzi za M hazijirekebishi zenyewe. Lenzi za SLR huvuta mbali zaidi na nyingi hujirekebisha kwa haraka. Kwa kazi ya sherehe, hesabu inaegemea huko.

Renjifainda ya kwanza ya dijitali ilikuwa Epson R-D1 ya mwaka 2004. Leica ilifuata na M8 mwaka 2006, nayo ikazua kasoro ambayo mpiga picha wa harusi angeijutia: baadhi ya vitambaa vyeusi vya nyuzi za viwandani vilionekana vya zambarau. Kampuni iliwapa wateja vichujio vya kufunga mbele ya lenzi. Pamoja na hayo, wengi hawakuiacha.

Je, ni mapenzi tu? La. Lenzi ya Leica M ya mwaka 1954 inaingia katika M11 iliyotoka mwaka 2022. Mwenye kabati la lenzi hahami kirahisi. Kinachomfunga ni mdomo wa kamera, yaani mahali lenzi inapofungiwa, kuliko nembo iliyo juu yake.

Lakini kampuni nayo haifungwi na uaminifu wa mteja. Mwaka 1987 Canon ilibadili mdomo wa kamera zake ilipoanzisha EOS, na lenzi za zamani za FD hazikuingia. Nikon iliendelea na mdomo wake wa mwaka 1959, lakini mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianzisha midomo mipya kwa ajili ya kamera za dijitali zisizo na kioo. Lenzi za SLR huingia humo kwa kutumia kiunganishi, ingawa baadhi ya lenzi kongwe za Nikon hupoteza uwezo wa kujirekebisha.

Kuhama huko kuna nafuu kwa mwenye mtaji mdogo. SLR zilizotumika huuzwa na wanaohamia kamera mpya, na bado hutoa picha nzuri za kuchapwa. M11 ilipotoka, bei yake ilikuwa dola 8,995 za Marekani, bila lenzi.

Anayenunua iliyotumika aikague mwenyewe: lenzi isiwe na ukungu ndani, kioo kiinuke na kurudi bila kukwama, na betri zake ziwe bado zinapatikana.

Kisha aulize swali ambalo tangazo la biashara halilijibu: wenzake wa karibu wanatumia kamera gani? Lenzi ikiharibika Ijumaa jioni na harusi ni Jumamosi asubuhi, kiwanda kilichoko Japani au Ujerumani hakitamsaidia. Atakayemwokoa ni mwenzake wa Njombe au Makambako mwenye lenzi inayoingia katika kamera yake. Kwa mpiga picha wa Yakobi, hiyo ndiyo sababu ya kushikamana na jina moja.