Mama Si Mgeni Wodini

Je, mpenzi msomaji, ukiambiwa kuwa mtoto anaweza kufa kwa baridi mjini Lodwar, utasadiki? Huko Turkana jua la mchana huuchoma mchanga hadi ukashindwa kuukanyaga. Hata hivyo, kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, baridi ni adui mkubwa. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta mwilini ni haba, na joto humtoka upesi.

Kinga ya baridi hiyo haiuzwi dukani. Ni kifua cha mama. Mtoto huvishwa nepi, kofia na soksi tu, akalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, kisha akafungwa kwa leso. Utaratibu huu, uitwao malezi ya kangaruu, ulianzishwa na Dkt. Edgar Rey mwaka wa 1978 mjini Bogota, Kolombia, ambako mashine za kuwapa watoto joto hazikutosha.

Zamani hospitali nyingi zilimwona mama kama mgeni: aje, anyonyeshe, aondoke. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walipobebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vilipungua kwa robo. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri wabebwe saa 8 hadi 24 kila siku.

Hebu zihesabu saa hizo! Sasa mfikirie mama wa Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka hospitali ya rufaa ya Lodwar. Mtoto amelazwa huko, na nyumbani kuna wengine wanaongoja chakula, maji na mbuzi wa kuchungwa. Mama wa kambi ya wakimbizi, iliyofunguliwa mwaka wa 1992, huenda pia asielewe lugha ya muuguzi. Anahitaji mkalimani ili aelezwe jinsi ya kukamua maziwa, kumnywesha mtoto kwa kikombe, na kuita msaada haraka anapoona pumzi zinabadilika au mtoto anakataa kunyonya.

Basi tusimlaumu mama anayetamani kurudi nyumbani mapema. Tujiulize: nani amemshikia kazi zake? Nani amempelekea chakula, maji na leso safi?

Nawe baba, usijifiche nyuma ya mila. Kifua chako pia kina joto. Nawa mikono, uliza wauguzi, umpokee mwanao ili mama apate usingizi kidogo.

Huenda wewe unaishi Nairobi au Mombasa, hatua chache kutoka hospitalini. Jirani yako akijifungua mtoto wa namna hii, usimpelekee pole peke yake. Wapikie watoto wake, uwapeleke shuleni, ili yeye abaki wodini. Wahenga walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.