Kwa nini miti ya kuegemeza zege hupinda ghafla

Katika mtaa wa Majengo mjini Embu, kama kwingineko nchini, zege bichi la ghorofa huegemezwa kwa miti hadi ligande. Mti mwembamba hupinda lini?

Mwaka 1744, mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alichanganua mlinganyo wa mti unaogandamizwa, ncha zake zikiwa hazisogei kando. Chini ya uzito fulani, jibu ni moja: mti husimama wima. Uzito ukizidi, huzuka jibu la pili: mti uliopinda. Viwango hivyo vya uzito huitwa spektra.

Urefu ukiongezeka maradufu, kiwango cha kwanza hushuka hadi robo. Mti ukifungwa imara katikati, hupanda mara nne. Fundi asidharau ubao huo wa kufungia. Chini yake wamo watu.