Ripoti ikisema akili ya mtoto ni 78, soma na kurasa za nyuma

Mzazi wa Tarime au Serengeti anayempeleka mtoto mdogo jijini kupimwa akili, pengine kwa sababu amechelewa kuongea au mwalimu wa awali amelalamika, hurudi na karatasi nyingi na namba moja kichwani. Namba hiyo ndiyo inayofika kwa bibi, kwa mwalimu na kwa majirani. Alama za nyongeza zilizo nyuma ya ripoti hazisomwi, na mara nyingi ndizo zinazoeleza namba hiyo imetoka wapi.

Kipimo kinachojulikana sana ni cha Wechsler cha watoto wadogo. Toleo la nne lilitoka Marekani mwaka 2012, kwa watoto wa miaka miwili na nusu hadi miaka saba na miezi saba. Katikati ni 100, na karibu watoto 7 kati ya 10 huangukia kati ya 85 na 115. Lakini watoto 1,700 waliotumika kuweka kiwango hicho walikuwa wa Marekani, si wa Nyamwaga wala Mugumu.

Tuseme mtoto wa miaka mitano, nyumbani kwao Kikurya tupu, Kiswahili amekutana nacho darasa la awali. Amepimwa kwa Kiswahili, alama ya jumla ikawa 78. Nyuma ya ripoti, alama ya msamiati ni 66 na ile isiyomtaka mtoto aongee ni 93.

Alama ya msamiati hupatikana kwa mtoto kutaja majina ya picha, au kutajiwa neno akaonyesha picha yake. Akijibu kwa Kikurya mbele ya mpimaji asiyekijua, anaweza kukosa alama ya kitu anachokijua vizuri. Katika alama isiyotaka kuongea, mtoto hupanga vipande, hutambua mpangilio wa picha na kukumbuka alichoonyeshwa. Hapo 93 ni kawaida kabisa. Tofauti ya alama 27 ni kubwa mno kuipuuza, na ile 78 haifai kuchukuliwa kuwa ndiyo akili ya mtoto huyu.

Lakini mzazi usikimbilie kushangilia. Jiulize kwanza: Kikurya chenyewe anakiongeaje? Kama anahadithia na kubishana na wenzake, tatizo ni lugha ya kipimo. Kama hata Kikurya kinampa shida kuliko ndugu zake walipokuwa na umri wake, apimwe masikio, kisha lugha yenyewe ichunguzwe.

Ipo pia alama inayopima jinsi anavyokumbuka kwa muda mfupi na anavyofanya kazi kwa haraka. Katika sehemu ya haraka mtoto hugonga picha kwa kidude cha wino huku muda unahesabiwa. Mtoto wetu aliyefunzwa kutulia mbele ya mkubwa asiyemjua atagonga polepole, kwa adabu. Ripoti ikionyesha alama hiyo iko chini sana kuliko ile ya kufikiri, muulize mpimaji alimwonaje mtoto siku ile: alikuwa na woga, homa, usingizi wa safari? Kama aliwahi kuugua malaria ya ubongo, mwambie, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuacha athari kwenye kumbukumbu na umakini.

Hapa kwetu jambo hili limewahi kutazamwa. Robert Sternberg na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti wa wanafunzi wa vijijini karibu na Bagamoyo, watoto wakubwa kuliko hawa. Waliwapima, wakawafundisha kidogo, wakawapima tena, na alama zikapanda. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamechapisha habari za Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya: watoto waliojua zaidi dawa za miti shamba ndio waliopata chini kwenye msamiati wa shuleni.

Yote haya yasiwe kichaka cha kujifichia. Alama zote zikiwa chini, ile isiyotaka kuongea ikiwemo, na nyumbani mtoto hawezi kuvaa, kutumwa jambo dogo au kucheza kama wa rika lake, basi tatizo lipo. Kumficha ndani kunampotezea miaka ambayo msaada ungefaa zaidi. Nenda hospitali, na umwone afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Kwa mwenye ripoti yenye tofauti kubwa, mwombe mpimaji aandike mtoto alipimwa kwa lugha gani na kama mkalimani alikuwepo. Aandike pia alama ya jumla inaweza kuwa kati ya ngapi na ngapi, maana namba moja haiwezi kuwa sahihi kiasi hicho. Nakala mpe mwalimu mkuu kabla mtoto hajahamishiwa kitengo chochote, na uulize lini anaweza kupimwa tena, safari hii akiwepo mtu anayejua Kikurya.