Kaye ya depo isibaki nyuma

Mwezi wa 12 mwaka 2024, vita vilipofika Alimbongo, watu walishika njia ya Lubero na Butembo na kile tu mikono iliweza kubeba. Kaye ya kooperative si kitu cha kwanza mutu anafikiria siku kama ile. Lakini ndani ya kaye njo kunaandikwa nani alileta mifuko ngapi ya viazi, nani alilipwa, nani yuko bado na deni la mbegu. Ikipotea, na mama mmoja memba akiuliza, «Papa karani, mifuko yangu ya msimu ule iliandikwa?», kunabaki neno lake na neno la karani, basi.

Kooperative nyingi leo zinaandika hesabu katika telefone ao ordinateri. Ni muzuri, lakini telefone ikiibiwa, ni kaye ile ile imepotea. Wengine wanatunza yote kwenye intaneti, katika seva ya kampuni ya mbali. Inafaa, mpaka siku rezo inakatwa. Kisha uchaguzi wa tarehe 30/12/2018, ule ambao Beni na Butembo hazikupiga kura siku ya wengine, intaneti ilikatwa inchi nzima karibu majuma matatu. Viazi havikungojea, vilikuwa vinaoza kama kawaida.

Kooperative inaweza kuwa na seva yake yenyewe. Neno linaogopesha bure: seva ni mashini tu inayobaki inawaka na kutunza kazi ya mashini zingine. Ordinateri ya zamani inatosha, ao kisanduku kama Raspberry Pi kinachoenea katika kiganja. Ndani yake unaweka Syncthing, programu ya bure iliyoanza mwaka 2013, ambayo kazi yake ni kufanya folda moja ikae sawasawa katika mashini zote mlizokubaliana. Kwa telefone, watengenezaji wenyewe waliacha programu yao ya Android mwisho wa 2024. Tafuta ile inayoitwa Syncthing-Fork.

Tuseme karani wa Alimbongo ameandika mifuko 40 leo, na rezo hakuna. Maandiko yanabaki katika telefone yake, hayapotei. Siku akishuka Butembo na lori ya viazi na kuingia katika wifi ya ofisi, telefone na kisanduku vinatambuana, vinapashana yale tu yaliyobadilika. Hata mega moja haiendi, juu wifi ile ya ofisi haihitaji intaneti. Rezo ikiwa iko, vinaweza kupashana hata kwa mbali. Na mashini ya mutu mwingine haiingii kwa nguvu: kila moja ina namba yake ndefu, na pande zote mbili lazima zikubali.

Kisanduku kinakula kama wati 5, ni kusema wati-saa 120 kwa siku. Batri ya volti 12 na ampea-saa 40 inabeba 480. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, ni siku mbili bila jua. Kwa baridi na ukungu wa Alimbongo siku mbili ni kidogo. Afadhali kisanduku kikae Butembo. Na usitegemee kakadi kadogo ka kumbukumbu: umeme ukikatika-katika, kanaharibika. Nunua disike.

Kuna mambo mawili yanayoangusha watu. La kwanza, wawili wakiandika katika faili moja kabla ya kukutana, programu haiwezi kuchagua: inaacha nakala mbili, na ninyi mnabaki kutafuta iliyo ya kweli. Basi kila depo iwe na faili yake, na ofisi njo iunganishe. La pili ni baya zaidi. Kufuta kunasafiri pia! Karani akifuta faili kwa kidole kibaya, inafutika kote. Washeni ndani ya kisanduku utunzaji wa matoleo ya zamani, maana hauji umewashwa, na kila juma mutu anakili yote katika ufunguo wa USB unaolala nyumba ingine.

Tena majina. Liste ya memba yenye kijiji, namba ya telefone na pesa za kila mutu ni hatari ikiangukia mikono ya wenye silaha. Sheria ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13/3/2023 inadai habari za watu zilindwe, lakini hapa hata bila sheria tunaelewa. Telefone ya depo iandike namba ya karte ya memba na kilo, hakuna zaidi. Majina yabaki ofisini. Telefone ifungwe kwa kode, na neno la siri la kisanduku lijulikane na watu watatu wa komite: prezida, karani na mmoja wa wakaguzi, wasiolala wote katika kijiji kimoja.